Inchi Tatu

Nilimlipa Bi Opal Teichert dola mia tisa
na nusu ya ng'ombe kutoka kwenye friji yangu,
nikaliburura gari la marehemu mumewe
kutoka zizini, kaskazini ya Ogallala,
kuku mmoja akigoma kushuka.

Ford ya mwaka thelathini na moja. Milango miwili,
paa refu, la heshima, kama msimamizi wa mazishi.
Kutu ilikuwa imemaliza sakafu:
ungeliendesha huku ukifyeka majani kwa visigino.

Majira yote ya baridi tulijifungia bandani,
mimi na Royce, mume wa dada yangu,
msema kidogo, mkohozi mkubwa,
theluji ikigonga mlango kama mdai.

Injini tuliitoa kwenye lori la viazisukari
lililofia shambani kabla hatujazaliwa:
silinda nane, vichwa bapa, pistoni zimegoma.
Tukazilowesha kwa mafuta ya taa
siku kumi na tatu.
Ya kumi na nne: gogo, nyundo,
na neno ambalo mama asingependa niliandike.
Ikasogea.
Upana wa ukucha, lakini ikasogea,
na Royce akaenda nje kukohoa
muda mrefu kuliko kawaida.

Hatununui kipya. Hiyo ndiyo sheria.
Ekseli ya huyu, breki za yule,
taa mbili za trekta la jirani aliyefilisika.
Ndivyo walivyofanya wale vijana waliorudi vitani
na mshahara wa mwisho mfukoni:
walivua madigadi, wakavua boneti,
wakavua kila kisichokimbia,
wakaenda kwenye maziwa makavu
kuutukana upepo.

Kisha paa.
«Inchi tatu,» Royce akasema.
«Mbili ni woga. Nne ni majivuno.»
Nikabandika tepi kwenye nguzo za madirisha,
nikapima, nikanywa kahawa, nikapima,
nikapima tena hadi Royce akaninyang'anya futi.
Msumeno ulipolia, cheche zilinipanda hadi kwenye kola.
Watu wanne walilinyanyua paa,
watu wanne wakalishusha,
na gari likakunja uso
kama mtu anayetazama jua.
Nililipenda hapo hapo.

Aprili, Bi Opal alikuja kuliona.
Injini hakuitazama. Rangi hakukuwa na rangi.
Alifungua mlango wa abiria, akainama,
akainama zaidi, akaketi,
akanyoosha kiganja juu ya kiti cha dereva,
akapima hewa.

«Leland alikuwa havui kofia,» akasema.
«Hata kanisani walimgombeza.
Alizunguka maduka matatu akijaribu magari,
akachagua hili kwa sababu ya kofia.»

Nikatazama viatu vyangu.
Maji yakimwagika hayazoleki, najua;
lakini mimi ni fundi wa kuchomelea,
miaka yote nimeishi nikiamini
chuma si maji.
Vile vipande vya nguzo vilikuwa bado juu ya meza,
inchi tatu, inchi tatu, inchi tatu, inchi tatu,
na sikuwa na pa kuviunga.

«Liwashe,» akasema.

Likakohoa, likamjibu Royce,
likatema moshi wa buluu, likanguruma.
Kopo la nati likatembea lenyewe hadi ukingoni mwa rafu.
Miwani ya Bi Opal ilitetemeka puani pake
na hakuishika.

Alisema kitu. Sikusikia. Nikazima.

«Nimesema, basi leo angelazimika kuivua.»

Akavuta mlango, akajifungia kwa ndani.
Mlango ule haukubali mara ya kwanza, hata sasa;
aliupiga bega, kama mtu aliyeuzoea,
akatazama mbele, barabara ya maghala ya mahindi,
akanisubiri nizunguke.